Bitiruti, Moyo na Amana ya Mwili

(Mhadhara wa afya uliotolewa mbele ya waumini msikitini, Dar es Salaam, baada ya Swala ya Alasiri)



Tumeona leo tuzungumze juu ya bitiruti. Huenda baadhi yenu mkacheka mkisema: tumekuja kusikiliza mawaidha, mbona tunaletewa habari za sokoni? Lakini mkitusikiliza hadi mwisho mtafahamu kwa nini tumeona jambo hili halifai kunyamaziwa, kwani tayari limemfika mmoja wetu katika safu hizi hizi tunazosimama kuswali.

Mzee wetu mmoja, ambaye kwa ridhaa yake tunaeleza habari zake bila kumtaja jina, alipatwa na maradhi ya mishipa ya moyo. Alikuwa akibanwa na kifua kila alipopanda ngazi au alipoharakisha mwendo kuiwahi jamaa. Alipofanyiwa vipimo, mshipa mmoja unaoulisha moyo damu ulionekana umeziba kwa sehemu kubwa. Madaktari wakapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi moyoni, wakalizibua lile ziwilio na kuweka stenti, yaani kijibomba cha wavu laini wa chuma kinachouzuia mshipa usijifunge tena. Akarudi nyumbani na vidonge vya kuzuia damu isigande, vya kushusha lehemu na vya kutuliza shinikizo la damu, akausiwa asiviache bila idhini ya daktari.

Baada ya miezi mitatu akauziwa kopo la unga wa bitiruti. Karatasi iliyofuatana na kopo ilisema kwamba wataalamu wa London wamethibitisha kuwa bitiruti huwakinga na shambulio la moyo watu waliowekewa stenti. Muuzaji naye akaongeza maneno yake mwenyewe, kwamba vidonge vya hospitali huchosha figo, na kwamba anayetumia unga huu hana haja navyo tena. Mzee wetu akaviweka vidonge kabatini. Wiki ya tatu, alfajiri, akiwa anajiandaa kuja Subhi, akaanguka. Hospitali walikuta damu imeganda ndani ya stenti. Mwenyezi Mungu akamnusuru, lakini sehemu ya misuli ya moyo wake ilikwisha kufa, na leo mnamwona anaswali juu ya kiti.

Ndugu zetu, tangazo la unga ule lilikuwa limebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa msikiti wetu. Sisi tulilipita kila siku, tukalisoma, wala hatukusema neno. Kwa hiyo hatumnyooshei kidole muuzaji peke yake. Tumekuja kulipa deni la ukimya wetu.

UGONJWA WENYEWE

Kwanza ifahamike kwamba moyo, ambao kazi yake ni kuusukumia mwili mzima damu, nao unahitaji kulishwa damu. Ipo mishipa maalumu iliyouzunguka kwa ajili ya kazi hiyo. Kwa miaka mingi, kutokana na uvutaji wa sigara, kisukari, shinikizo la juu la damu, lehemu nyingi, kukaa bila kuushughulisha mwili, umri, na pengine urithi wa ukoo, ukuta wa ndani wa mishipa hiyo huchubuka na kujijaza mafuta, nayo njia ya damu ikawa nyembamba. Mtu akiwa ametulia huenda asihisi chochote. Akijitahidi kidogo, moyo hudai damu zaidi kuliko ile inayoweza kupita, na hapo kifua hubana. Utando wa mafuta ukipasuka, damu huganda juu yake na kuifunga njia kabisa. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 maradhi ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu wapatao milioni 17.9 ulimwenguni, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Basi asiwepo anayedhani kwamba haya ni maradhi ya matajiri wa Ulaya. Hapa kwetu, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, ambayo ilianza kujitegemea mwaka 2015, huweka stenti, kazi ambayo zamani wagonjwa wengi walisafirishwa hadi India kufanyiwa.

Tunaeleza haya kwa sababu wengi wetu tunaijua bitiruti kuwa ni kitu cha "kuongeza damu". Wekundu wake ndio unaotudanganya. Rangi ile ni ya mmea wenyewe, haina uhusiano na damu, na madini ya chuma yaliyomo ni kidogo. Aidha, mgonjwa wa mishipa ya moyo hana upungufu wa damu kwa sababu ya ugonjwa huo. Damu anayo, ila njia imembana. Hivyo basi, kama bitiruti ina msaada kwake, msaada huo lazima uwe umepitia mlango mwingine.

YALIYO YA KWELI KUHUSU BITIRUTI

Mlango huo upo, na hatutaki kumdhulumu mtu wala mmea kwa kuficha ukweli. Bitiruti hufyonza kutoka ardhini kitu kiitwacho nitrati na kukihifadhi kwa wingi. Tukiila, nitrati huingia katika damu, na sehemu yake huchukuliwa na tezi za mate na kurudishwa kinywani. Juu ya ulimi wanaishi bakteria wasio na madhara ambao huibadili kuwa nitriti. Tunayameza mate hayo, na mwili huigeuza nitriti kuwa oksidi nitriki, hewa ambayo huulegeza ukuta wa mshipa ili njia ipanuke na damu ipite kwa wepesi.

Umuhimu wa hewa hiyo unajulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1998 wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kwamba mwili wenyewe huitumia kuamrisha mishipa ilegee. Kidonge kinachowekwa chini ya ulimi na wagonjwa wanaobanwa na kifua hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka 2008, watafiti wa London waliwanywesha watu wenye afya njema nusu lita ya juisi ya bitiruti, na baada ya saa tatu hivi shinikizo la damu likashuka kwa takriban milimita 10 za zebaki katika kipimo cha juu. Walipotakiwa kuyatema mate yao badala ya kuyameza, shinikizo halikushuka. Hapo ikadhihirika kwamba mate na wale bakteria wa ulimini ni sehemu ya safari hiyo. Ndiyo maana dawa kali za kusukutulia za dukani, zenye kuua bakteria, hupunguza faida hiyo. Kusukutua kwa maji katika udhu hakuhusiki hapa, kwani maji matupu hayawaui.

Kisha mwaka 2015, katika mji huo huo, watu wenye shinikizo la juu la damu walipewa mililita 250 za juisi ya bitiruti kila siku kwa wiki nne. Kipimo chao cha juu kilishuka kwa takriban milimita 8, na walipoacha kunywa, shinikizo likarudi lilikokuwa. Tuyaweke moyoni maneno haya: walipoacha, likarudi. Mboga haiondoi ugonjwa. Husaidia siku zile inapoliwa.

UTAFITI UNAOTAJWA KWENYE KOPO

Je, ile karatasi ya kopo ilisema uongo? La hasha. Ilisema nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli humpoteza mtu kwa urahisi zaidi kuliko uongo mtupu, kwa sababu akiuliza ataambiwa kwamba utafiti upo.

Naam, utafiti upo. Ulifanyika London, na matokeo yake yalitangazwa Juni 2024 katika mkutano wa madaktari wa moyo wa Uingereza uliofanyika Manchester. Wagonjwa 300 waliokuwa wakibanwa na kifua na kuwekewa stenti waligawanywa kwa kura makundi mawili. Kundi moja lilikunywa kila siku, kwa miezi sita, kijichupa cha mililita 70 za juisi nzito ya bitiruti. Kundi la pili lilikunywa juisi ya namna hiyo hiyo, isipokuwa nitrati ilikuwa imeondolewa, ili isemwe kwa haki kama faida inatokana na nitrati au na imani ya mgonjwa. Katika muda wa miaka miwili, asilimia 16 ya kundi lisilopata nitrati walikumbwa na tukio zito, kama vile shambulio la moyo au kifo. Katika kundi lililopata nitrati walikuwa asilimia 7.5.

Hizi ni habari njema, nasi tunazifurahia. Lakini tazameni mambo mawili ambayo karatasi ya kopo iliyaruka.

La kwanza, wagonjwa wale walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari wa moyo na katika matibabu yao ya kawaida. Juisi iliongezwa juu ya matibabu. Hakuna aliyeambiwa aache vidonge vya kuzuia damu isigande ili anywe bitiruti. Mtu aliyewekewa stenti akaacha vidonge hivyo kabla ya muda aliopangiwa, damu yaweza kuganda juu ya chuma kile na kuufunga mshipa kwa ghafla, na hilo ndilo lililompata mzee wetu. Kwa hiyo, anayeutumia utafiti ule kumwachisha mgonjwa dawa anaushuhudilia kitu ambacho haukukisema.

La pili, ni utafiti mmoja wa watu 300. Wapo wagonjwa wa kifua waliojaribiwa kwa nitrati kwa siku chache tu, na hawakuonekana kuweza kujitahidi zaidi kabla ya moyo kulalamika. Elimu ya tiba hujengwa jiwe juu ya jiwe, na jengo hili bado halijafika paa.

KOPO NA KIJICHUPA

Aidha, kile kilichopimwa London si kile kilichouzwa mlangoni petu. Kijichupa cha utafiti kilijulikana kiasi cha nitrati kilichomo. Je, kopo la unga lina kiasi gani? Muuzaji hajui, na kopo halisemi. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya bidhaa 24 za bitiruti zilizokuwa madukani. Walikuta kwamba bidhaa moja iliweza kuizidi nyingine kwa nitrati hata mara 50, na ni tano tu kati ya hizo 24 zilizokuwa na kiasi kinachotosha kwa uhakika katika kila kipimo cha matumizi. Ikiwa mambo ni hivyo kwa bidhaa za viwandani, tuseme nini juu ya unga uliosagwa uani na kutiwa katika kopo lisilo na tarehe?

Tunajua sote jinsi dini yetu inavyomkaripia mtu anayepunja mizani na anayeficha kasoro ya bidhaa. Anayeuza kilo ya mchele iliyopungua amemnyima mwenzake konzi ya mchele. Anayemwambia mgonjwa wa moyo "acha vidonge, nunua hiki" amechezea mizani ambayo upande wake mmoja ni roho ya mtu. Wafanyabiashara wetu wauze bitiruti, wauze na juisi yake, na biashara yao iwe na baraka. Ila waiuze kuwa ni chakula, na wasiipambe kwa sifa wasizozijua.

TAHADHARI KWA WAGONJWA

Wenye maradhi ya moyo wanaopenda juisi ya bitiruti, tunawaomba mzingatie haya, na mmweleze daktari wenu kwamba mnaitumia.

Anayemeza vidonge vya kushusha shinikizo la damu akiongeza juisi nyingi anaweza kupatwa na kizunguzungu, hasa anapoinuka kutoka kwenye sijda au kitandani usiku. Apime shinikizo lake mara kwa mara, wala asipunguze vidonge kwa uamuzi wake.

Mwenye maradhi ya figo aulize kwanza, kwa sababu bitiruti ina potasiamu nyingi ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa. Aliyewahi kupata vijiwe vya figo naye atahadhari, kwani ina okisaleti, ambayo husaidia kujenga vijiwe hivyo. Mwenye kisukari akumbuke kuwa juisi ina sukari, na kwamba kuila bitiruti yenyewe ni bora kuliko kuikamua.

Baada ya kula bitiruti, mkojo au choo huweza kuwa chekundu. Jambo hilo halina madhara. Lakini wekundu usipokwisha siku mbili baada ya kuiacha, nenda ukapime, isije ikawa ni damu kweli.

Tunawageukia na akina baba kwa jambo ambalo huonewa haya. Baadhi yetu hununua vichochoroni vidonge vya nguvu za kiume. Vidonge hivyo vikikutana mwilini na dawa ile ya moyo inayowekwa chini ya ulimi, shinikizo la damu huporomoka, na mtu anaweza kufa. Daktari akikuuliza, mwambie kweli. Haya yako mbele yake haina faida kwako wala kwa watoto wako.

Na anayebanwa ghafla na kifua kama kwamba amekaliwa na mzigo, maumivu yakipanda shingoni, tayani au mkono wa kushoto, huku akitokwa na jasho jembamba au akipungukiwa na pumzi, huyo apelekwe hospitali saa ile ile. Wanawake na wenye kisukari huenda wasipate maumivu makali, wakahisi uchovu, kichefuchefu au pumzi kukatika tu. Asisubiriwe hadi asubuhi, na asinyweshwe juisi ya aina yoyote kwa matumaini kwamba itamtuliza. Kila dakika inayopita, misuli ya moyo inakufa.

MBOGA ILIYOPO JIKONI

Mtauliza, je, asiye na uwezo wa kununua makopo na vijichupa amenyimwa kheri hii? Hapana. Nitrati haimo katika bitiruti peke yake. Mboga za majani, mchicha ukiwemo, nazo zinayo kwa wingi.

Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia watu zaidi ya 50,000 nchini Denmark kwa muda wa miaka 23 hivi. Waliokula mboga zenye nitrati kwa wingi walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kupata maradhi ya moyo na mishipa, kwa asilimia 12 hadi 26. Kiasi kilichotosha kilikuwa kikombe kimoja cha mboga mbichi za majani kwa siku, au nusu kikombe zikiwa zimepikwa. Kula zaidi ya hapo hakukuongeza kinga. Ni kweli kwamba utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kuthibitisha kila kitu, kwa maana mla mboga huenda ana mazoea mengine mema pia. Hata hivyo, hakuna atakayedhurika kwa kulitii fundisho hili, na fungu la mchicha halimfilisi mtu.

Akina mama, na akina baba mnaopika, zingatieni jambo moja: nitrati huyeyuka katika maji. Mboga ikichemshwa kwa maji mengi na maji yakamwagwa, sehemu kubwa ya faida imemwagwa nayo. Ipikeni kwa maji machache, isiwive hadi ikapoteza rangi, na punguzeni chumvi na mafuta. Bitiruti nayo, inayoletwa sokoni kutoka Lushoto na kwingineko, inaweza kukwaruzwa mbichi katika kachumbari au kuchemshwa na ngozi yake.

Pamoja na chakula, sigara iachwe, mwili utembezwe, na shinikizo la damu lipimwe hata kama mtu hajisikii mgonjwa. Mambo haya hayana kopo wala tangazo, na pengine ndiyo sababu hayanunuliwi.

HITIMISHO

Ndugu zetu, wapo wanaodhani kwamba kushikamana na vidonge ni udhaifu wa kumtegemea Mwenyezi Mungu. Dhana hiyo si sahihi. Mkulima humtegemea Mungu baada ya kupanda mbegu, na mvuvi humtegemea baada ya kuziba tundu la ngalawa yake. Mwili ni amana tuliyokabidhiwa, na kuitafutia tiba iliyothibitika ni sehemu ya kuilinda amana hiyo. Bitiruti ni neema, na elimu ya daktari ni neema. Kuitumia neema moja kuifukuzia nyingine ni kukosa shukrani kwa zote mbili.

Kwa upande wetu tumekwisha kuliondoa tangazo lile. Tumekubaliana kwamba tangu leo hakuna tangazo la dawa wala unga wa tiba litakalobandikwa kwenye ubao wa msikiti kabla halijaonwa na mmoja wa wauguzi au madaktari waliomo miongoni mwetu. Nanyi tunawaomba jambo jepesi: jioni hii, kila mmoja afikapo nyumbani amwulize mzazi wake, "Baba, mama, vidonge vyako vya moyo unavitumia bado?" Akijibiwa kwamba viko kabatini, asimkaripie. Akae naye, amsikilize sababu zake, kisha kesho amsindikize hospitali.

Mzee wetu ametuomba tuseme hili kwa niaba yake: bado anakula bitiruti, na anaipenda. Ila anaila baada ya kumeza vidonge vyake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atupe hekima ya kuipambanua kweli. Amin.